Kucheza gemu kwenye kompyuta ukiwa Kisumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ushauri mwingi kuhusu kompyuta za gemu umeandikwa na watu wasiojua stima inayopotea jioni moja mara mbili, wala chumba cha mabati kilicho na joto la nyuzi 30 alasiri. Huanza na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, na kuishia na taa za rangi. Sisi tulio Kisumu, Kakamega, Busia, Siaya na Kisii tunafaa kuanzia upande wa pili: stima kwanza, kisha kasha na powa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme), halafu ndipo kadi. Majibu haya yanamlenga mtu anayenunua kwa pesa zake mwenyewe, kidogo kidogo, na ambaye hana nafasi ya kununua kitu kimoja mara mbili.

Nina shilingi elfu thelathini. Naweza kuanza?

Unaweza, mradi ukubali kuanza bila kadi. Pesa hizo zinapata kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, zile wauzaji huziita ex-UK, pamoja na skrini ya inchi 22, kibodi na kipanya. Tafuta Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 6 kwenda juu, na iwe tawa, yaani ile yenye kasha kubwa la kusimama. Mashine hizi ziliundwa kufanya kazi kutwa nzima kwa miaka, na hufika huku kwa sababu kampuni za ng'ambo hubadilisha vifaa vyao vyote kwa pamoja, vingi vikiwa bado vizima.

Grafiki iliyo ndani ya prosesa hiyo inacheza Stardew Valley, Minecraft, Hollow Knight na Football Manager bila taabu. Rocket League itakubali ukishusha mipangilio na ukicheza kwa 720p, na gemu nyingi za kabla ya 2012 zitapita. Hiyo ni miezi mingi ya kucheza huku ukiweka akiba. Ukipata pesa nyingine, nunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kama mashine haikuja nayo, kisha RAM (kumbukumbu ya muda) ifike GB 16, kisha UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine stima ikipotea). Kadi ndiyo ya mwisho. Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya kadi. Riba itakuandama baada ya gemu lenyewe kukuchosha.

Kwa nini mnasisitiza tawa? Ile nyembamba ni nzuri zaidi mezani na bei ni ileile.

Hili ndilo jambo linalowaangusha wanunuzi wengi, kwa hiyo tulifafanue vizuri.

Mashine moja ya ofisini, kwa mfano OptiPlex 7040, ilitolewa kwa maumbo matatu. Ile ndogo kabisa, inayolingana na kitabu kinene, hutumia chaja ya nje kama ya laptop, ya wati 65, na haina sloti ya kadi. Ile nyembamba ina powa saplai ya wati 180. Tawa ina wati 240. Kwa upande wa HP, EliteDesk 800 G2 nyembamba ina wati 200, tawa ina wati 280. Prosesa ni zilezile, RAM ni ileile, na bei dukani hutofautiana kidogo tu. Muuzaji hatakwambia lolote kwa sababu kwake zote ni "i5 kizazi cha sita".

Ukinunua ndogo kabisa, safari imeishia hapo. Ukinunua nyembamba, utalazimika kutafuta kadi fupi za nusu kimo, ambazo ni adimu huku kwetu na hugharimu zaidi ya zile za kimo kamili zenye nguvu sawa. Ukinunua tawa, kadi ya kimo cha kawaida inaingia, hewa inapita, na diski ya pili ina mahali pa kukaa.

Kuna jambo moja ambalo hata tawa hailiponyi. Powa saplai za Dell na HP za miaka hiyo hazitumii soketi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa hiyo huwezi kuingia dukani ukachukua powa saplai yoyote ya wati 500 ukaipachika. Kuna waya za kubadilisha soketi, na fundi mzuri anaweza kukufungia, lakini lihesabu hilo mapema. Ndiyo maana ukikutana na mashine za kazi nzito, kama Dell Precision Tower 3620 yenye powa saplai ya wati 365, usizipite haraka. Zinafanana sana na OptiPlex kwa nje, watu huzipuuza, kumbe zilijengwa kwa wahandisi na wachoraji wa majengo. Fungua ubavu uangalie kama kuna waya wa pini 6 unaoning'inia bila kazi. Huo ni wa kadi.

Sawa, nina tawa. Niweke kadi gani?

Anza na hesabu ya wati. Sloti ya PCIe, yaani tundu ambamo kadi huchomekwa, yenyewe inaweza kulisha kadi hadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kama powa saplai yako haina waya hizo, kadi yako lazima iishi ndani ya wati 75, na usikubali mtu akuunganishie pini 6 kutoka kwenye waya wa diski ili "kujaribu". Waya hizo huyeyuka.

Ndani ya wati 75 kuna kadi chache za maana. GTX 1050 Ti ya GB 4, ya mwaka 2016, ndiyo inayopatikana kwa wingi kwa bei ya chini. GTX 1650 ya 2019 ina nguvu zaidi kwa wati zilezile, ila chagua isiyo na soketi ya pini 6 kwa sababu zimetoka za aina zote mbili. Ukijaliwa kupata RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024 na kutumia wati 70, hiyo ndiyo bora ya kundi lote. Jihadhari na mbili zinazovutia kwa bei. RX 6400 hutumia njia 4 tu za PCIe na ilitegemea PCIe 4.0; mashine za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9 zina 3.0, kwa hiyo upana wa njia hukatwa nusu na gemu hukwamakwama. Intel Arc A380 nayo inahitaji kipengele cha Resizable BAR (kinachoruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja), ambacho kompyuta hizi za zamani za ofisini hazina.

GT 710? Hapana. Hiyo ni ya kuongeza skrini ya pili. GT 1030 ni ya mwisho wa dhiki, na ukiichukua hakikisha ni ya GDDR5, kwa sababu ile ya DDR4 ina jina lilelile lakini ni dhaifu mno.

Ukishavuka hapo, ukiwa na powa saplai ya kweli, nenda moja kwa moja kwenye RX 6600 ya GB 8, inayotumia takriban wati 132, au RTX 3060 ya GB 12, ya wati 170. Binafsi ningechukua RX 6600 kwa mtu wa kwetu, kwa sababu ya wati. Kila wati unayookoa ni joto usilolala nalo chumbani, na ni dakika za ziada kwenye UPS.

Nitajuaje kadi si ghushi?

Kuna kadi za zamani sana, kama GTX 550 Ti, zilizoandikwa upya ndani yake ili Windows izisome kama GTX 1050 Ti. Kwa macho huwezi kujua, na Windows itadanganyika. Beba flashi yenye programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure. Tangu 2018 inazitambua kadi nyingi za aina hiyo na kuandika neno la onyo mbele ya jina. Ukiwa hapohapo endesha kipimo kama Unigine Heaven kwa dakika kumi, ukitazama kama picha inapasuka, kama kuna vidoadoa, na kama feni inazunguka sawasawa.

Kadi zilizochimbia sarafu za kidijitali ni suala lingine. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022 na soko likajaa kadi zilizochoka. Si zote mbaya. Nyingi zinahitaji pasti mpya ya joto (ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu) na feni mpya, basi, lakini bei iakisi hilo. Muuzaji akikataa usijaribu kadi yake kabla ya kulipa, ondoka. Maduka ni mengi.

Kompyuta za kizazi cha 6 hazikubali Windows 11. Si nitapoteza pesa?

Swali zuri. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au mpya zaidi pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Hiyo ni sababu moja kubwa ya mashine za kizazi cha 6 na 7 kuuzwa kwa bei nafuu hivi: ofisi za ng'ambo zinaziondoa.

Kama unaweza kuongeza kidogo ukafika kizazi cha 8, kwa mfano OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500, fanya hivyo. Unapata koa (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) 6 badala ya 4, Windows 11 bila ujanja, na miaka zaidi mbele. Hili lina uzito hasa kwa wachezaji wa Valorant, kwa kuwa kinga yake dhidi ya udanganyifu inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga ya wakati mashine inapowaka) ukiwa kwenye Windows 11.

Kama huwezi, Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ni njia halali kabisa. Tangu 2018 Steam, duka la gemu la mtandaoni, ina Proton, inayoendesha gemu nyingi za Windows juu ya Linux. Lakini Valorant, Fortnite na EA Sports FC hazikubali huko. Amua kwa kutazama gemu unazozipenda.

RAM ya GB 8 inatosha?

Kwa kuanzia. Kwa gemu za sasa, 16. Weka vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja kikubwa, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, kwa kuwa hiyo hukopa RAM na kasi yake huongezeka sana njia zikiwa mbili. Angalia aina kabla ya kulipa: kizazi cha 4 hutumia DDR3, na OptiPlex na EliteDesk nilizozitaja hutumia DDR4. Ya laptop haiingii kwenye tawa.

Na diski?

SSD. Diski ya kuzunguka husoma kati ya MB 100 na 150 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika karibu 550, na hasa hutafuta faili ndogondogo bila kusita. Kwenye mashine ya zamani hakuna badiliko lingine utakaloliona wazi hivi. Iache diski ya kuzunguka kama ghala la gemu usizocheza kila siku. Ukinunua ya mtumba, programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo imewaka na hali yake.

Stima inapotea sana mtaani kwetu. Itaniharibia mashine?

Kupotea kwenyewe huharibu zaidi faili na diski ya kuzunguka. Kinachoua vifaa mara nyingi ni kurudi. Stima ikirudi, friji na pasi za mtaa mzima huwaka kwa pamoja, na volti huyumba juu na chini ya 240 kwa muda. Tabia ya kwanza haikugharimu chochote: ikipotea, zima soketi ukutani, na ikirudi ngoja dakika chache taa zitulie.

Baada ya hapo nunua UPS. Ile ndogo iliyoandikwa 650VA hutoa kati ya wati 360 na 390 hivi, na ndani yake huwa na betri moja ya volti 12, Ah 7. Zidisha: ni Wh 84 tu. Kwa hiyo si ya kuendelea kucheza. Ni ya kuhifadhi gemu na kuzima kwa heshima. Unganisha mashine, skrini na ruta, basi. Usiunganishe printa ya leza wala feni kubwa. Betri ya risasi huzeeka haraka kwenye joto, kwa hiyo huku kwetu tarajia kuibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu. Ni kazi rahisi na betri zenyewe zinapatikana madukani. Kitu kimoja cha kujaribu kabla ya kulipa: UPS za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lisilo laini, na powa saplai mpya nyingine huzimika papo hapo UPS inapochukua kazi. Chomoa waya ukutani ukiwa bado dukani uone.

Kuhusu powa saplai zenyewe, usiamini namba kubwa iliyo kwenye karatasi. Soma mstari wa +12V. Ikiandikwa 18A, zidisha kwa 12 upate wati 216; hiyo ndiyo nguvu ya kweli kwa prosesa na kadi, hata kama kasha lake limeandikwa 500W kwa herufi za dhahabu.

Nikigusa kasha la kompyuta nahisi linawasha vidole. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa maana kwamba wengi wanaipata, lakini si sawa. Ndani ya powa saplai kuna vichujio vinavyovujisha umeme mdogo sana kwenye kasha, vikitegemea waya wa ardhini uupeleke chini. Nyumba nyingi za kupanga hazina waya huo, au upo na haujaunganishwa popote. Mwambie mwenye nyumba, na mtafute fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA aukague. Ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, iache kabisa kwa kifaa chenye kasha la chuma.

Na radi?

Hapa hatuna mzaha. Upepo wa ziwa hupanda milima ya mashariki mchana na kuleta ngurumo Kakamega, Kisii na Kericho karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, na usiku ngurumo huhamia juu ya ziwa lenyewe. Ekstensheni ya kuzuia mruko wa stima haizuii radi inayopiga karibu. Ukisikia ngurumo ya kwanza, chomoa plagi, kisha chomoa waya wa intaneti unaoingia kwenye kompyuta. Huo wa pili watu huusahau, na madabodi nyingi hufa kupitia hapo.

Joto la Kisumu linaathiri vipi?

Mashine inayokaa nyuzi 70 kwenye chumba cha nyuzi 20 itakaa karibu 80 kwenye chumba cha nyuzi 30. Wenzetu wa Nakuru, walio juu zaidi na kwenye baridi, wanapata nafuu hii bure. Sisi tunaipata kwa kazi. Kompyuta ya mtumba mara nyingi ina pasti ya joto iliyokauka kama udongo; safisha na upake mpya siku uliyoinunua, ni dakika ishirini. Usiisukumize kwenye kabati la televisheni. Ifungue kila baada ya miezi michache uipulize vumbi kwa blowa, ukishikilia feni isizunguke. Tazama nyuzi kwa programu ya HWiNFO ukiwa unacheza: prosesa ikipita 90 kila mara, kuna kitu hakijakaa sawa. Intel nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia 100, na hapo ndipo unaona gemu inaanza kuburuta bila sababu.

Walio karibu na ziwa wana adui mwingine. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi hufuata mwanga, na kasha lenye taa za rangi na kioo ubavuni linawaita kutoka Dunga. Hufia kwenye vichujio na kwenye feni, wakashikamana na vumbi. Jioni wakija, funga dirisha na uzime taa za kasha. Ziba pia matundu ya sloti yaliyo wazi nyuma, mijusi hupenda sana joto la powa saplai.

Mwanangu wa sekondari anaomba kompyuta ya gemu. Mimi sielewi lolote. Nimnunulie nini?

Mama, mnunulie tawa ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 16 na SSD, bila kadi. Itamfanyia kazi za shule, kujifunza kuandika programu na gemu za kutosha. Kadi iwe baadaye, mkiona bado ana hamu. Iwekeni sebuleni. Gemu zina alama za umri, na zile za PEGI 18 kama Grand Theft Auto V zina sababu ya kuwa na namba hiyo. Muulize anacheza nini, mwambie akuonyeshe. Usiache kadi ya benki kwenye akaunti yake. Kama anakwenda shule ya bweni, kompyuta ibaki nyumbani.

Laptop au tawa kwa mwanafunzi wa chuo?

Kwa anayeishi hosteli Maseno na kuhamisha vitu kila mwisho wa muhula, laptop. Betri yake ni UPS tayari, na inaingia kwenye mkoba ukiwa juu ya bodaboda. Tafuta yenye GTX 1650 au RTX 3050 na nafasi ya kuongeza RAM. Utalipa zaidi kwa nguvu ileile, na ikiharibika kadi huwezi kuibadilisha. Usichukue ThinkPad nzuri ya ofisini ukidhani itacheza kila kitu. Ni mashine imara, lakini nyingi zina grafiki ya ndani tu. Kila mtu mwingine, tawa.

Ninunue Kisumu au niagize Nairobi?

Mashine na skrini, Kisumu. Zunguka Oginga Odinga Street, ulinganishe, uzijaribu kwa mikono yako. Kadi mara nyingi utalazimika kuagiza kutoka Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa jirani, kwa kuwa huku chaguo ni chache. Ukiagiza mashine ikiwa na kadi na ikasafirishwa kwa basi, sisitiza kadi itolewe ndani yake na kufungwa peke yake. Kadi nzito iliyoachwa kwenye sloti kwa kilomita 350 za barabara huweza kufika imevunja sloti.

Dukani, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla ya Windows kuanza) kabla ya kitu kingine chochote. Mashine za ofisi nyingine huja na nenosiri la BIOS lililoachwa na mwenye nayo wa kwanza, na kulifuta ni kazi ngumu. Angalia RAM inayosomwa, jaribu kila tundu la USB, sikiliza feni. Risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa warantii. Ahadi ya mdomo haitakusaidia muuzaji akihama duka.

Intaneti ya aina gani?

Kucheza mtandaoni hakuli data nyingi; gemu nyingi hutumia chini ya MB 200 kwa saa. Kinachokula ni kupakua. Gemu la GB 100 kwenye intaneti ya Mbps 10 linachukua karibu saa 22 bila kukatika, na kwa bando la simu ni hasara tupu. Ukipata faiba mtaani kwenu, ichukue. Nje ya mji, intaneti ya setilaiti ya Starlink iko Kenya tangu Julai 2023, na 5G ya Safaricom ilianza kujaribiwa 2021 ikiwemo Kisumu, Kisii na Kakamega, kwa hiyo uliza kama mnara wenu unayo.

Usipokuwa na yoyote, tafuta rafiki mwenye gemu unalolitaka. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine zikiwa kwenye ruta moja, bila kugusa bando. Kila mmoja lazima awe na gemu hilo kwenye akaunti yake, lakini upakuaji unafanywa mara moja kwa kikundi kizima.

Kwa nini ping yangu iko juu ingawa intaneti ina kasi?

Ping ni muda wa ujumbe wako kufika kwenye seva (kompyuta zinazoendesha gemu mtandaoni) na kurudi, na iko juu kwa sababu seva ziko mbali. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina seva Afrika Kusini. Johannesburg iko karibu kilomita 3,000 kutoka Kisumu kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 30 hata kama kila kitu ni kamilifu. Lakini waya haunyooki. Kwa kawaida ujumbe wako hupitia Nairobi, ukashuka Mombasa, ukaingia baharini. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Afrika Mashariki nzima iliumia. Chagua seva iliyo karibu kwenye mipangilio, tumia waya badala ya Wi-Fi, na usikubali kuuziwa kadi ghali kwa ahadi ya kupunguza ping.

Nalipiaje gemu bila kadi ya benki?

M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni inayokata kwenye M-Pesa yako. Steam hutuuzia kwa dola, kwa hiyo kumbuka ubadilishaji. Ukinunua ukajuta, Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Nunua wakati wa mauzo makubwa ya katikati na mwisho wa mwaka. Epic nayo imekuwa ikitoa gemu za bure mara kwa mara tangu ilipofungua duka lake Desemba 2018, na eFootball, Fortnite, Rocket League, Valorant na Dota 2 ni bure siku zote.

Gemu za wizi zinazopita kwenye flashi zinakuja na virusi vinavyoiba nenosiri la barua pepe na akaunti zako. Ukiwa na gemu nyingi za bure kiasi hiki, hatari hiyo haina maana.

Naishi Siaya, natumia sola. Inawezekana?

Inawezekana ukipiga hesabu. Mashine ya prosesa ya i5 na GTX 1650 pamoja na skrini hutumia takriban wati 200 ukicheza. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1,200, lakini usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, na inveta nayo inakula sehemu. Unabaki na saa mbili na nusu hivi. Kwa sola, laptop inashinda tena, na betri ya lithiamu inastahili bei yake. Cheza mchana jua likiwa juu.

Nimeweka kadi mpya lakini gemu bado inakwama.

Waya wa skrini umechomeka kwenye madabodi. Uchomoe, uchomeke kwenye kadi.

Skrini ya 144Hz inafaa?

Hiyo ni skrini inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Kwa Valorant na Counter-Strike, ndiyo, kama mashine yako inafikisha fremu (picha) hizo. Kwa kandanda na gemu za hadithi, 60 au 75 inatosha. Ukiinunua, nenda kwenye mipangilio ya Windows uiweke 144. Ikitoka kwenye boksi mara nyingi hubaki 60. Televisheni pia inafaa, mradi uwashe hali yake ya gemu, la sivyo mpira utasogea baada ya kidole.

Pedi yangu ya PS4 itafanya kazi?

Itafanya, kwa waya wa USB au kwa Bluetooth, na Steam inaitambua yenyewe. Nje ya Steam, weka programu ya DS4Windows. Pedi za kuiga husumbua zaidi kwenye Bluetooth, kwa hiyo hizo zitumie kwa waya.